Kigoda Kifupi cha Chumba cha Vidonda

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeupe ambavyo mama yangu alikuwa amevipaka chokaa mpaka vikawa vinaacha alama sakafuni. Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi, kofia imesimama, saa inaning'inia kifuani, na kichwani nilikuwa nimeshajipangia wodi ya wazazi, niwe napokea watoto na kupigiwa vigelegele. Hospitali ilikuwa upande wa Temeke, si mbali na Tandika nilikokulia. Sista Inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa kitengo, alinitazama kuanzia kofia kushuka chini, akaishia kwenye viatu.

"Jina?"

"Felista. Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Felista, umekuja kazini au harusini?"

"Kazini, Sista."

"Haya, njoo huku."

Huku kulikuwa chumba cha vidonda, mwisho kabisa wa korido, jirani na stoo ya mashuka. Ndani mlikuwa na kitanda kimoja, benchi, meza ya vifaa na mzee mmoja aliyenyoosha mguu juu ya kiti. Mguu ule sitauelezea, maana huenda mwenzangu unasoma unakula. Nilishika trei, nikavaa glavu, nikainama kwa mbali huku nimenyoosha mikono na uso nimeugeuzia dirishani. Sista Inchaji akasogeza kitu kwa ncha ya kiatu chake mpaka kikagonga kifundo cha mguu wangu. Kilikuwa kigoda kifupi cha mbao.

"Kaa."

"Naweza kusimama tu, Sista."

"Sijakuuliza kama unaweza. Nesi anayesafisha mguu amesimama hausafishi, anaukimbia. Kaa uwe chini ya mguu. Halafu ukiinua macho utauona uso wake akiumia. Ukisimama unaona utosi tu, na utosi hausemi kitu."

Nikakaa. Mzee yule akanitazama kutoka juu, akacheka kidogo, akasema, "Sasa tunaonana, mwanangu." Wodi ya wazazi sikuiona tena isipokuwa nilipokwenda kujifungua mwenyewe. Maisha yangu yote ya kazi nimeyamalizia kwenye vidonda, na leo nikiulizwa kama ningependa kurudi nyuma nichague tena, ningeomba kigoda kilekile.

Kwa ninyi mnaoanza, niwaeleze kidogo kazi yenyewe ilivyokuwa. Tulisafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, tukakausha, tukaweka shashi, kile kitambaa chepesi chenye matundu, kisha bandeji. Nyama iliyokufa tuliikata mpaka tufike kwenye nyama nyekundu inayotoa damu, kwa sababu inayotoa damu ndiyo iliyo hai. Jambo kubwa kuliko yote lilikuwa hili: kidonda chenye kina kinatakiwa kijae kuanzia chini. Kikiwahi kufunga juu, mgonjwa anafurahi, anarudi nyumbani, na huko ndani usaha unajichimbia. Hapo inabidi kukifungua upya, na mgonjwa anakuona adui. Sista Inchaji alikuwa akituhubiria jambo hilo kila Jumatatu asubuhi, na sisi tukilisema naye kimyakimya kwa midomo.

Jina lake Naelijwa, Mpare, mrefu, mwenye sauti isiyohitaji kupanda. Wagonjwa wabaya zaidi alijichukulia mwenyewe. Nilimwona akimsafisha mlevi aliyeokotwa mtaroni, mtu anayemtukana matusi ya kuokoteza, na yeye anamwambia, "Vumilia kidogo, baba, tunamaliza." Nilipoolewa nikahamia kanisa la mume wangu, nikamkuta Sista Inchaji benchi la mbele, kitambaa kichwani, anaimba sauti ya pili. Nilishtuka, maana sikuwahi kufikiri kwamba naye huwa ana mtu wa kumsimamia.

Kanisa letu lina desturi ambayo wageni huishangaa. Kila baada ya miezi mitatu, kabla ya Meza ya Bwana, kuna huduma ya unyenyekevu. Wanaume wanakwenda upande wao, wanawake upande wao, mashemasi wanapanga mabeseni na mataulo, kisha watu wawili wawili wanaoshana miguu, kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake. Kila mtu anachagua mwenzake. Ukiwa na kinyongo na mtu, huyo ndiye unayetakiwa kumfuata. Mkimaliza mnakumbatiana, mnasali, ndipo mnarudi ndani kuumega mkate. Kwetu sisi, asiyepita kwenye beseni huona aibu kuugusa mkate.

Mimi nilikuwa hodari wa beseni, utasema nini tena, ilikuwa kazi yangu. Akina mama vikongwe waligombania niwaoshe. Ila zamu yangu ya kuoshwa ikifika, nilichovya mguu, nikasema "inatosha, mama, inatosha," nikauchomoa kabla maji hayajafika kwenye kifundo. Waliniona mnyenyekevu sana. Nami sikuwakatalia.

Nilikuwa bado Temeke Sista Inchaji alipofiwa na mumewe, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole aliyekuwa akimletea chakula kazini kwenye hotipoti. Alianguka nyumbani mkewe akiwa zamu. Tulikwenda msibani kitengo kizima. Siku ya maziko, chini ya turubai, wifi yake, dada wa marehemu, mama mmoja anayeitwa Mama Eliamini, akanyanyuka katikati ya waombolezaji na kupiga kelele, "Umeuguza Dar nzima! Dar nzima! Kaka yangu ndo umemshindwa!"

Hata watoto waliacha kulia. Sista Inchaji alisimama, akakaza kanga yake kiunoni, akaingia jikoni kuuliza kama chumvi imetosha kwenye wali. Hakujibu siku ile wala siku nyingine. Yeye na wifi yake wakawa wanapeana salamu ya mdomo, basi. Na kuanzia hapo, siku za huduma ya unyenyekevu Sista Inchaji akawa anafika mabeseni yameshaondolewa. Alikaa benchi la nyuma. Sahani ya mkate ikimfikia, alimpitishia jirani yake kama mtu anayepitisha kikapu cha sadaka, kisha wimbo wa mwisho ukianza anatoka. Mama Eliamini kila mara alibaki amesimama na taulo begani, akiangalia mlango, mpaka shemasi anamtafutia mtu mwingine. Miaka ikapita hivyo. Waumini walisema Inchaji ana kiburi. Mimi nilikuwa nikimtetea, nasema ana zamu, hata pale alipokuwa ameshastaafu na hana zamu yoyote.

Nami nikahamishwa. Kituo changu cha pili kilikuwa zahanati ya Wazo. Kule vidonda vyake ni vya saruji. Vibarua wa kuchanganya zege kwenye nyumba za watu walisimama ndani ya zege hilo peku, au na buti zilizopasuka, na maji ya saruji yana tabia mbaya: yanaunguza polepole, mtu hasikii kitu mpaka jioni anavua buti na ngozi inabaki ndani. Wengi walijitibu nyumbani kwanza, kwa majivu, kwa dawa ya meno, kwa mafuta ya breki. Siku moja alikuja fundi amechelewa mno, nikamgombeza mpaka wagonjwa wengine wakainamisha vichwa. Mganga Mfawidhi, yaani daktari mkuu wa kituo, mtu mwembamba aliyekuwa akipiga mluzi nyimbo za kanisani kutwa nzima, akaniita ofisini kwake.

"Sista Felista, yule bwana amekuja?"

"Amekuja, daktari, ila kachelewa sana."

"Amekuja," akasema. "Hiyo nyingine hatuitibu hapa."

Akaendelea na mluzi wake. Nilitoka nimenuna, lakini neno lile lilinikaa.

Kutoka Wazo nikapelekwa kituo cha afya cha Mabibo, karibu na soko. Pale nilikuwa chini ya Matroni, mkuu wa wauguzi, aliyependa vikao kuliko mgonjwa apendavyo nafuu. Tulikuwa na kikao cha kupanga kikao. Nikisema alinifundisha kitu nitakuwa namsingizia, ingawa chai yake ya tangawizi sijapata kuinywa popote tena. Wagonjwa wa Mabibo walikuwa wapagazi wa viazi na vitunguu, wenye nyayo ngumu zilizopasuka, akina mama ntilie waliomwagikiwa mafuta, na wanafunzi wa hosteli waliochubuliwa na viatu vya kuazima. Huko ndiko nilikopata kigoda changu mwenyewe. Mchongaji mmoja Mmakonde alijikata muundi kwa tezo, na alipojua wazazi wangu ni wa Newala akaniita dada mpaka alipopona. Alikuwa akinicheka nikikaa kwenye kiti cha plastiki kilichokatwa miguu. "Dada, hicho ni kiti au ni adhabu?" Siku ya mwisho alikuja na kigoda cha mninga, kifupi, kimechongwa bonde la kukalia ambalo lilinienea sawasawa. Alivyonipima sijui, na sikumuuliza.

Kigoda hicho nilikwenda nacho Kinyerezi, kituo changu cha mwisho, zahanati ambayo ukikaa kimya unasikia mitambo ya umeme wa gesi ikinguruma kwa mbali. Magonjwa nayo yalikuwa yamebadilika. Sasa ulikuwa wakati wa mguu wa sukari. Sukari ikikaa mwilini muda mrefu inaua mishipa ya hisia ya nyayo, na mtu anaweza kutembea na msumari ndani ya kiatu kutwa, asijue. Wagonjwa walikuwa wakiniambia kwa furaha, "Nesi, wala hakiumi," na mimi roho inaniuma kwa niaba yao. Kisichouma ndicho kinachokatwa. Tulikuwa na kipimo cha uzi mgumu kama wa kuvulia samaki. Mgonjwa anafumba macho, unamgusa unyayo hapa na pale, naye anasema kila anaposikia. Ni kipimo cha kitoto kabisa, na kimeshaliza watu wazima wengi mbele yangu.

Asubuhi moja niliita, "Anayefuata!" akaingia mama mrefu, anatembea wima, amevaa raba za kufunga kamba kwenye joto lile, na manukato yanamtangulia. Nilimjua kabla sijamtazama usoni.

"Shikamoo, Sista!"

"Marahaba. Nimepita kukusalimia tu. Nimejenga hapo juu, nikasikia uko hapa." Akatazama chumba, trei, dirisha. "Shashi zako unazikunja vizuri."

"Nilifundishwa."

"Sasa nipe chache, na maji ya chumvi. Kuna kamchubuko nakasafisha mwenyewe."

Ninyi mnaofanya kazi hii mnajua manukato mengi yana maana gani. Chini ya marashi yale kulikuwa na harufu nyingine, ambayo sisi wawili tuliifahamu kuliko jina la mtu yeyote. Nikafunga mlango. Nikasogeza kigoda changu mbele yake, nikakaa.

"Vua kiatu, Sista."

"Felista, nimesema nipe vifaa."

"Nimesikia."

Alikaa pale amekumbatia pochi yake, na mimi nikakaa chini nikimtazama usoni. Nilimwona anavyotetemeka kidevu. Yeye ndiye aliyenifundisha pa kukaa ili nione jambo hilo, na nadhani alikuwa anajilaumu. Mwishowe akafungua kamba.

Kidonda kilikuwa chini ya unyayo, kwenye kifundo cha kidole gumba. Alikuwa akijisafisha peke yake kwa kuweka kioo sakafuni na kuinama. Juu kilikuwa kimefunga vizuri, na alijivunia, akasema, "Unaona, kinakauka." Nikambonyeza pembeni, ikafunguka njia, usaha ukatoka. Hakukunja hata uso. Nikachukua uzi.

"Fumba macho, Sista. Useme nikikugusa."

Akafumba. Nikamgusa kisigino, katikati, chini ya vidole, pembeni. Nikarudia.

"Haya, anza basi," akasema.

"Nimemaliza, Sista."

Akafumbua macho. Sijawahi kumwona mtu mzima akiogopa namna ile bila kutoa sauti. Nikamwambia ukweli wote: kitafunguliwa leo, kitasafishwa kila siku, hatakanyagia mguu huo, na daktari wa upasuaji lazima aone kile kidole. Tukizembea, ni mguu mzima.

"Nyumbani yupo nani wa kukusaidia?"

"Mungu yupo."

"Mungu atakufunga bandeji, Sista?"

Akataka kunikaripia, akaishia kucheka, na kicheko kikageuka machozi. Kisha akaniambia mtu asijue, hasa kanisani, hasa wifi yake. "Nitakatwa mguu na siri yangu," akasema, na alikuwa anamaanisha.

Nikamfungua siku ileile. Alinisimamia kazi yote kupitia kile kioo chake, amekiegemeza kwenye ndoo. "Chimba zaidi hapo. Unaogopa nini? Mie siumii." Alikuja kila asubuhi kwa bajaji, na kila asubuhi alinisahihisha jambo. Nikikunja shashi, anasema nimekunja vibaya. Nisipokunja, ananiuliza kama nimestaafu tayari. Kusema kweli nilikuwa nafurahi. Ni wangapi kati yenu wamepata bahati ya kurudi darasani kwa mwalimu yuleyule mkiwa na mvi wote wawili?

Asubuhi moja hakunisahihisha jambo lolote. Nilikuwa nimefika kwenye kina, naondoa nyama ya kijivu, ndipo aliposema akiwa anatazama kiooni, siyo usoni kwangu.

"Asubuhi ile aliniambia kifua kinambana. Nikamwambia kunywa uji, lala, nikirudi nitakuangalia. Nilikuwa na zamu. Wagonjwa walikuwa wengi."

Mikono yangu ikaendelea na kazi, maana ndivyo alivyonifundisha.

"Wifi hakunisingizia," akasema. "Alisema kwa sauti kile nilichokuwa najiambia mwenyewe. Ndo maana sikuweza kumtazama. Nikienda kwenye beseni atanishika mguu, atajua."

"Atajua nini, Sista?"

"Kwamba na mie nadhani hivyohivyo."

Nilitamani kumwambia siyo kosa lake, kwamba kifua kinaweza kumwua mtu hata akiwa kitandani hospitali. Ni kweli, na ningemwambia siku nyingine. Lakini niliona ningekuwa naweka shashi juu ya usaha. Nikafungua mdomo kusema jambo la kidonda kujaa kuanzia chini, akaniwahi.

"Usithubutu. Hayo mahubiri niliyatunga mie."

Tukacheka wote wawili mpaka mgonjwa wa nje akagonga mlango kuuliza kama kuna usalama.

Siku ya Meza ya Bwana ilipofika nilikuwa uani kwa akina mama, nimeshafunga taulo kiunoni, nasaidia kumwaga maji kwenye mabeseni. Shemasi akasema, "Jamani, akina mama, kila mtu amwone mwenzake." Hapo akaingia Sista Inchaji. Mabeseni yalikuwa bado yapo, hata moja halijatumika. Alikuwa na fimbo, mguu mmoja una kandambili, mwingine una bandeji, na mkononi ana mfuko. Mtu mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Leo kawahi," kwa sauti ile ya kuuma, na mimi nikamkumbuka Mganga Mfawidhi wa Wazo na mluzi wake. Nikageuka nikasema, "Amekuja," na nadhani nilisema kwa ukali kuliko mahali pale panavyoruhusu.

Mama Eliamini alikuwa amesimama mahali pake pa siku zote, taulo begani. Alikuwa amezeeka naye, mgongo umeanza kupinda. Inchaji akaenda moja kwa moja mpaka kwake, akakaa kwenye kiti cha plastiki.

"Wifi," akasema, "nioshe mie kwanza."

Mama Eliamini akapiga magoti, akavuta beseni. Akauosha mguu mzima, akaukausha, kisha akabaki anautazama ule wa bandeji, hajui afanye nini.

"Huo haulowekwi," Inchaji akasema. "Una kidonda. Sijamwambia mtu. Leo haujasafishwa, nimeuacha makusudi." Akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na kila kitu: glavu, maji ya chumvi, shashi zilizokunjwa kwa mkono wake. "Fungua."

Mimi kama muuguzi nilitaka kuingilia. Uani, watu wamejaa, mama wa watu hajawahi kushika hata plasta! Nilipiga hatua moja, Sista Inchaji akaninyooshea kidole bila kunitazama, nikarudi kinyumenyume kama siku yangu ya kwanza. Nilichoweza kufanya ni kumpelekea Mama Eliamini sabuni na maji ya kunawa, na kigoda. Alikuwa amepiga magoti muda mrefu, na kazi ile haifanyiki kwa magoti.

Akafungua bandeji, tabaka kwa tabaka. Ilipotoka shashi ya mwisho, harufu ikatoka nayo, na akina mama waliokuwa karibu wakajizuia wasishike pua. Mama Eliamini hakujizuia kulia.

"Wifi, kumbe unaumwa hivi? Peke yako? Nisamehe. Siku ile nilisema kwa uchungu. Nimekungojaga hapa kila mara nikwambie."

"Nakuona kila mara," Inchaji akasema. "Nikiwa dirishani kule nje, nasubiri mmalize." Akashusha pumzi. "Nilimwacha akiumwa, wifi. Nikaenda kazini. Nisamehe na wewe."

Walishikana mikono, mmoja juu ya kiti, mwingine kwenye kigoda, na glavu zimelowa. Halafu Inchaji akafuta macho kwa ncha ya kitambaa na kusema, kwa ile sauti isiyopanda, "Haya, mimina maji, usiguseguse. Kuanzia katikati kwenda nje. Hapana, katikati." Uani wote ukacheka, na wengi walikuwa wanalia. Siku hiyo sahani ya mkate ilipofika benchi lao, haikupitishwa. Nilimwona akiumega na kuuweka mdomoni, akafumba macho muda mrefu, na mimi nikashindwa kuendelea na wimbo.

Kidole gumba hakikupona. Daktari wa upasuaji alikitoa wiki zilizofuata, na nisiwadanganye kwamba sala ilikirudisha. Ila mguu ulibaki. Mama Eliamini alihamia kwa wifi yake Kinyerezi na begi moja, akawa anamsafisha kila siku jioni, na kwa kelele za Inchaji akajua kazi kuliko wauguzi wengine ninaowajua. Kidonda kikajaa polepole kuanzia chini, chekundu, kizuri. Siku nilipokiona kimefunga nilikibonyeza kila upande, nikitafuta ubaya, sikuupata.

Nami muda wangu ukafika. Waliniaga kwa keki, kitenge na hotuba ya mtu asiyenijua vizuri. Sasa nipo nyumbani, nina kuku wachache na mchicha, na sina manung'uniko. Vijana wa kituoni wakati mwingine wananiuliza ni dawa gani tulikuwa tunatumia zamani, na ninawaambia dawa zenu ni bora kuliko zetu, zitumieni. Kuhusu roho za watu sina elimu, sijasomea uchungaji. Ninachojua ni nilichokiona nikiwa chini. Niliona watu waliokuwa tayari kutoa kila kitu, pesa, nguvu, usingizi wao, na jambo moja tu likawashinda: kuvua kiatu mbele ya mtu mwingine. Aliyekivua, Mungu alipata pa kuanzia. Nimemwona Yesu akiponya hivyo, uani kwa akina mama, na sitaki mtu anibishie.

Meza ya Bwana ya kwanza baada ya kustaafu kwangu, nilikwenda na taulo kama kawaida, natafuta kikongwe wa kumwosha. Nikasikia fimbo ikigonga sakafu. Sista Inchaji alikuwa anakuja, na nyuma yake Mama Eliamini amebeba beseni na kigoda cha mninga, kile changu, ambacho nilikuwa nimewaachia wakati wa kidonda.

"Kaa kwenye kiti," Inchaji akaniambia.

"Sista, wewe ndiye mgonjwa, ngoja nikuoshe—"

"Sijakuuliza."

Nikakaa. Akajishusha kwenye kigoda taratibu, akishikilia bega la wifi yake, mpaka akawa chini yangu. Sikuwa nimewahi kumwona kutoka juu. Kitambaa kilikuwa kimerudi nyuma, nywele zote nyeupe. Akanivua kiatu, akaniingiza mguu majini.

"Inatosha, Sista," nikasema, "inatosha," nikaanza kuuchomoa.

Akanishika kisigino, na mkono ule bado una nguvu. Akainua uso akanitazama. Sijui aliona nini, ila sauti yake ikawa laini.

"Tulia, Felista. Fumba macho. Useme nikikugusa."

Nikafumba. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Nikahisi kidole chake kwenye kisigino, penye ufa ambao umekuwa ukiniuma muda mrefu na sikumwambia mtu.

"Hapo," nikasema.

Kikasogea.

"Hapo. Na hapo, Sista. Na hapo."